Mota Inayochemka Imesimama

Ndani ya basi, mwalimu wa hesabu aliacha kusahihisha akatega sikio. Mbele yake mshonaji alipakata mota ya mashine yake ya kutarizi. "Inachemka hata ikisimama, kaka! Nembo arobaini zinatakiwa kesho. Bora ninunue ya feni."

"Ya feni huzunguka tu, dada," alisema abiria jirani, fundi wa printa. "Hii huenda hatua kwa hatua, mia mbili kila mzunguko. Ikisimama, hushikilia fremu inayobana kitambaa isihame. Kushikilia nako ni kazi."

Mwalimu akamkumbuka mkuu wake wa shule, ambaye naye huchoka akiwa amekaa.

Basi likasimama. "Kwa hiyo nikiiwasha ikabaki baridi, ndiyo imekufa?" mshonaji akauliza akiinuka.

Fundi akakubali kwa kichwa, kisha akakataa kwa mkono, kwani huenda ni umeme tu haufiki. Mshonaji akashuka, akaduwaa kituoni asijue aamini kichwa au mkono.