Mchungaji Elikana Bucumi: Alimchagua Aliyempinga

Ndugu zetu wa Bugendana, na ninyi mliotoka Giteranyi kabla jua halijachomoza, poleni na asanteni. Familia imemtuma dada wa marehemu, Christina, asome maisha ya Mchungaji Elikana Bucumi. Marehemu alimwonya dada huyu kwamba wakimsifu kupita kiasi atalipiga jeneza teke. Basi tutasema ukweli, tuzike kwa utulivu.

Elikana alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, Ulyankulu, Tanzania, mtoto wa tatu wa mzee Simoni na mama Anisia, waliokuwa wamekimbia kutoka kilima hiki cha Bugendana, Burundi, miaka miwili kabla. Alikulia kwenye mashamba ya tumbaku. Siku moja alijikata mguu kwa jembe, akafunga kidonda kwa jani la mgomba, akaendelea kuchunga mbuzi kana kwamba hakuna kitu. Mama aligundua siku kadhaa baadaye, kwa harufu. Alimchapa kwanza, ndipo akamwosha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1989, akashona nguo sokoni, kisha akasoma chuo cha Biblia Tabora, 1996 hadi 1998. Huko alijiunga na kwaya. Jamani, Elikana hakuwa na sauti! Mwalimu alimvumilia kwa sababu kanisa zima lilijua amemfuata Emiliana. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2000, na Mungu akawapa Emmanuel na Imelda.

Familia ilirudi Burundi mwaka 2009. Mwaka 2013 alisimama mbele ya baraza la kanisa, mjini Gitega, aulizwe maswali kabla ya kuwekewa mikono. Wote walisema ndiyo, isipokuwa Mchungaji Kasilda, mama aliyekuwa akifundisha wachungaji. Alisema mbele yake, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa: "Anahubiri muzuri, mais sijamusikia hata siku moja akisema, hapa nimeshindwa. Mi nasema bado." Alishindwa kwa kura. Elikana akawekewa mikono, akapelekwa Giteranyi, na kwa miaka mingi alimsalimia mama huyo kwa ncha za vidole tu.

Giteranyi ndiko alikomaliza nguvu zake. Kwa baiskeli alizunguka makanisa ya vilimani, akizika, akipatanisha wanaogombea mipaka ya mashamba, akiombea wagonjwa. Watu walisema, Mchungaji wetu haumwi. Naye akapenda kusikia hivyo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwaka 2019 kanisa liliagiza kila mchungaji achague mlezi wa kichungaji: mtu wa kuketi naye mara kwa mara, amweleze kazi inavyomtendea, aulizwe maswali magumu, na yasemwayo yabaki hapo. Wengi walikimbilia kwa marafiki. Elikana alimfikiria mkuu wake, Mchungaji Egidius, akasema nyumbani, "Huyu ndiye anayepanga vituo. Nikimwambia nimechoka, kesho nimehamishwa." Akamfikiria rafiki yake wa chuo. "Huyu tutacheka tu, tunywe chai, nirudi nilivyokwenda." Kisha akataja jina la Kasilda. Emiliana aliacha kuchambua maharage.

"Yule aliyekukataa?"

"Wengine walinipitisha, mke wangu. Yule alinitazama."

Emiliana hakufurahi, na leo ameruhusu tulisome hili. Mume anatoka Giteranyi, anapanda basi Muyinga hadi Gitega kwenda kumweleza mama mwingine ya moyoni, na akirudi hasemi neno! Ni nani asingenuna?

Kumbe kulikuwa na la kusema. Mwaka 2021 Elikana alipimwa, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Hakumwambia mtu. Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu, akakificha ndani ya soksi. Aliogopa. Nani atamwendea mchungaji mgonjwa aombewe apone? Alidhani siku watakayojua, kazi yake imekwisha. Kwa Kasilda peke yake alivua kiatu.

Mama Kasilda hakumkemea. Aliuliza, "Emiliana anajua?"

"Hapana."

"Mi sitamwambia mutu. Hiyo ni ahadi yangu. Mais wewe, alors, utarudi hapa siku umemwambia bibi yako. Leo tumemaliza."

Saa zote zile za basi, akarudi na mguu wake. Aliingia, akaketi kitandani, akavua soksi mbele ya Emiliana. Emiliana alilia, akagomba, akachemsha maji. Jumapili iliyofuata Elikana alisimama madhabahuni akasema, "Ninawaombea wagonjwa, na mimi ni mgonjwa. Nimewaficha. Nimeogopa. Niombeeni." Kisha bibi mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwa sauti, "Mchungaji, mimi ni miaka mitano ninaumwa sukari, nilikuwa ninaogopa kukwambia wewe!" Watu wakacheka huku wanalia.

Toka siku hiyo hakuendesha tena baiskeli peke yake. Jirani yake, mzee Hamadi, fundi baiskeli na Mwislamu safi, alimpakia nyuma hadi zahanati kuchukua dawa, akimtania njiani kwamba mchungaji mzito namna hii hana budi kufunga Ramadhani. Elikana alikatwa vidole viwili vya mguu, akaendelea kuhubiri akiwa amekaa. Miaka ile aliyokuwa amekaa, walikuja wengi zaidi kuliko ile aliyokuwa amesimama.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 figo zilichoka. Alilazwa Gitega, na alifariki tarehe 3 Machi, saa kumi na moja alfajiri, Emiliana amemshika mkono. Sisi ndugu tulimwuliza Mama Kasilda walizungumza nini siku zile za mwisho. Amekataa kutuambia, na tumeona ni haki yake kukataa.

Ameacha mjane, Emiliana, watoto, Emmanuel na Imelda, mjukuu mmoja, dada yake, Christina, na kanisa la Giteranyi. Mama Kasilda amekaa kwenye mkeka wa wafiwa, kwa sababu Emiliana alikwenda mwenyewe akamshika mkono na kumketisha pale.

Kaka yetu, amani ya Bwana ikulaze. Pumzika. Hakuna tena anayekungojea uwe mzima.