Chumba cha Mbonyurugi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Sefu acha kuchungulia dirishani. Nisikilizeni nikiwa bado na pumzi, maana kifua hiki hakitanifikisha Julai, na hapa Biryogo siku hizi hakuna daktari wa kuitwa wala njia ya kumfikia.

Cherehani ni yako, Sefu. Nyumba mtaigawa na dada yako akirudi salama kutoka Bukavu, kama dini ilivyoagiza, wala msivunje undugu kwa ajili ya mabati. Lakini theluthi ninayoruhusiwa kumwachia asiye mrithi wangu nimeitoa: ni chumba cha nyuma, chenye mlango wa kichochoroni, na ni cha huyu mchanga tunayemwita Ramadhani.

Jina hilo nililichagua kwa sababu mtaa huu umejaa akina Ramadhani, apotee katikati yao. Silo lake. Mama yake, Daphrose, yule mwalimu niliyemshonea nguo ya harusi, alikuja Aprili, walipokuwa wakiwasaka Watutsi nyumba kwa nyumba, tumbo limeshuka, na kila mlango aliobisha umemkataa. Alijifungua mchana mle chumbani, mimi nikikanyaga cherehani kwa nguvu zangu zote bila hata kitambaa chini ya sindano, ili wapita njia wasimsikie.

Kwa desturi ya Kinyarwanda, siku ya nane watoto wa jirani wangeitwa, wale chakula, kila mmoja ataje jina, kisha wazazi wachague. Lakini sisi, katika kujificha kule, tungewaita watoto wa nani? Tulikaa wawili na sahani ya maharage, akasema, "Ni Mbonyurugi." Yaani nimeuona mlango. Nikamwambia jina hili sijapata kulisikia popote. Akajibu, "Ndiyo, mama. Nataka likiitwa, asigeuke mwingine."

Kesho yake akaenda mtaa wa Gitega kumtafuta binti yake mkubwa. Libère muuza maji alimwona kwenye kizuizi cha wauaji barabarani. Alivyomwona sitawaambia. Hatarudi, nami niliwanyamazia, kwa kuwa wewe Sefu ulisema mtoto akae mpaka mama yake aje kumchukua.

Jana nilikusikia ukimwambia mkeo Illuminée mtoto apelekwe kwa masista kabla hatujauawa sote. Sikulaumu kwa woga. Mimi mwenyewe naogopa. Lakini Illuminée amemnyonyesha tangu mama yake aondoke, pamoja na binti yenu. Ni mwanawe wa ziwa. Mwana hatolewi, Sefu.

Basi nimewafunga, tena kwa makusudi. Mzee Kamanzi na sheikh ni mashahidi wangu, na siku ya mirathi haligawiwi hata bati moja mpaka fungu la mtoto litajwe, litajwe kwa jina alilopewa na mama yake. Mtake msitake mtalitamka mbele za watu. Kabla ya siku hiyo, lisivuke kizingiti hiki, na atakayewauliza aambiwe ni Ramadhani, mtoto wa dada yako.

Unasemaje, Illuminée? "Mama, hii jina iko nzito kwa mutoto." Ni nzito, mwanangu. Mama yake hakuwa na kingine cha kumwachia.

Sanda yangu nimeshaikata, iko chini ya mto. Nizikeni hapa uani, msinipitishe kizuizini, na msilie kwa sauti. Mungu awafiche na macho ya wauaji. Awape kuzeeka, nyinyi na hawa wachanga, na chumba kile kisikose mtu wa kukifungua.

Niinueni kidogo... basi, inatosha. Nileteeni mtoto. Mwekeni hapa, sikio karibu na mdomo wangu. Mbonyu... Maji, Illuminée. Hapana, acha. Sauti imekwisha. Sefu, mwite wewe. Taratibu, lisitoke nje. Mwite, baba, nisikie.