Kwa Nini Wima Hakukaa

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani. Ni refu, la mbao nzito. Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alilinunua mnadani miaka minne iliyopita, shule ya kurekebisha watoto watukutu ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Tunakaa watatu: mimi mzee, Kiberiti dereva wa lori, na Wakili, ambaye amewahi kuingia mahakamani mara moja tu, kwa kesi ya kuku. Wa nne ni seremala tunayemwita Wima, kwa kuwa hunywa kahawa yake amesimama. Tumembembeleza akae hadi tumechoka. Asubuhi ile alichelewa, tukapata nafasi ya kumsengenya.

— Ni bawasiri, alisema Kiberiti. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

— Bawasiri miaka minne? Yule kaweka nadhiri, alisema Mama Birika.

— Hamjui sheria nyie, alisema Wakili. Ukikalia kitu miaka mitatu, unashtakiwa nacho. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

— Ngazi imeingiaje hapa?

— Imeingia, alijibu Wakili, akanywa kahawa.

Kiberiti akaapa kwamba Wima ana mke jini, na jini huyo ana wivu na mbao. Tulikuwa bado tunacheka Wima alipotokea mbio, mtu ambaye hatujawahi kumwona hata akiharakisha.

Akatueleza huku akihema. Mahakama imekubali kusikiliza kesi ya watoto walioteswa katika shule ile, na inaanza leo saa nne. Yeye alikuwa mmoja wao, zamani akiwa mtoto. Lakini wakubwa wa shule wanasema madaftari yote yaliungua, na huyu seremala hakuwahi kufika kwao.

— Inukeni, alisema.

Tukainuka. Akalipindua benchi, vikombe vikaanguka. Chini ya ubao, zimechomwa kwa msumari wa moto, kulikuwa na namba mbili: 17 na 18.

— Kumi na saba ni mimi. Tulilitengeneza wawili, nina miaka kumi na moja. Tulipomaliza, bwana wa karakana akatulaza juu yake akatuchapa, eti anapima kama ni imara.

Ndiyo maana hakukaa. Na ndiyo maana hakukosa hata asubuhi moja: alikuwa analilinda.

Mimi nilikuwa naitazama ile namba ya pili. Mdogo wangu alipelekwa shule ile kwa kuiba kengele ya baiskeli. Baada ya mwaka tukaletewa barua kwamba amekufa kwa homa, pamoja na furushi la nguo zake. Kwenye ukosi wa shati ilishonwa namba kwa uzi mwekundu. Mama alilitunza hadi Mungu alipomwita, kisha nikalitunza mimi.

— Kumi na nane ni mdogo wangu, nilisema. Walituandikia kafa kwa homa. Shati liko sandukuni kwangu.

Wima alinitazama sana.

— Kumbe wewe ndiye kaka anayepiga mluzi kwa vidole? Alikuwa akitusimulia. Kaka yangu, haikuwa homa.

Hapo kijiwe kikawaka. Kiberiti akakimbilia lori, benchi lifike mahakamani kabla ya saa nne. Mama Birika akafunika jiko akisema leo kahawa basi. Wakili akatumwa kwangu kufuata shati, akaenda bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Fundi cherehani akatoa kitambaa kipya cha kufunikia benchi.

Dada mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe akauliza kuna nini. Akaelezwa yote. Akanigeukia.

— Pole, baba. Alizikwa wapi?

Nilimtazama Wima. Wima akatikisa kichwa. Kiberiti akazima injini. Kila alfajiri namwombea mdogo wangu, na sijui nielekeze mkono upande gani.

— Sijui, mwanangu, nilisema. Hilo ndilo nakwenda kuuliza.

Nikashika benchi upande wa kumi na nane. Wima akashika upande wake.