Malisho ya Mzee Maziwa

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe. Siku hizi ni mji wa kuta ndefu na bustani zinazomwagiliwa hata mvua ikinyesha. Sisi wazawa tuliobaki tunakunywa kahawa ya Mama Birika na kubishana. Jana tulibishania mji huu ulivyotajirika.

— Ni reli, alisema Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Kituo kilipojengwa tu, wakubwa wakahamia huku. Kazi mjini, kulala huku.

— Reli wapi, bwana, Kinyozi akadakia. Ni maji. Chini yetu kuna mto mzima. Waliupima kwa ndege, wakanyamaza.

— Mto unapimwaje kwa ndege?

— Ndiyo maana wewe hukuambiwa.

Mama Birika akamimina kahawa.

— Acheni porojo. Ni Mzee Maziwa. Ardhi yote hii ilikuwa yake.

Hapo ubishi ukapoa. Mzee Maziwa aliuza kipande bintiye akasome ng'ambo, akauza kingine mkewe atibiwe, mwisho akabaki na chumba na zizi. Wenye majumba wakalalamikia harufu, ng'ombe wakaondolewa. Bado kila asubuhi alipita na ndoo tupu, akigonga mageti na kuuliza kama watoto wameamka salama. Kisha asubuhi moja hakupita, nasi hatukwenda kumuulizia.

— Walinzi walikuwa wakimfukuza, Kinyozi alisema.

— Na sisi tulikaa hapa hapa tukitazama, alisema Mama Birika.

— Nasikia bintiye alimchukua, Breki akasema. Anaishi ghorofani, ana lifti yake.

— Mimi niliambiwa kanunua shamba jingine, Kinyozi akadai. Kubwa kuliko hili.

Mwanamke kijana aliyekuwa akivuta begi akasimama mbele yetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Kaa upumzike.

Akakaa, akapokea kikombe.

— Namtafuta babu yangu. Alikuwa akifuga ng'ombe maeneo haya. Mama amefariki juzijuzi huko ng'ambo. Kabla hajafa alinisihi nije nimwone babu, kwa sababu yeye hakurudi.

Breki akajikohoza.

— Mzee Maziwa?

— Mnamfahamu?

— Sana, mwanangu. Sisi wote hapa tumekua kwa maziwa yake.

Uso wa binti ukakunjuka. Akatutazama mmoja mmoja.

— Afadhali. Yuko hai?

Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi akainama, akaanza kupangusa mkasi usio na nywele. Mimi nikageukia barabarani.

— Kunywa kwanza, mjukuu wangu, Mama Birika akamwambia. Itapoa.