Maman Lucienne Wadi (1938–2025), Mjukuu wa Sajini wa Pweto

Maman Lucienne Wadi alizaliwa Pweto, Katanga, tarehe 12 Machi 1938, akiwa kitinda mimba wa Papa Wadi na Maman Mwansa. Babu yake mzaa baba, Sajini Ward Hoeckmans, Mbelgiji, alifika kando ya Ziwa Mweru mwaka 1894, bunduki begani. Muda wake wa jeshi ulipokwisha alikataa kurudi kwao. Alifyatua matofali, akajenga, akalima kabichi na viazi, akamwoa Kabwe, binti wa pale pale, wakazaa watoto watatu. Mwaka 1912 alikwenda Ubelgiji kwa likizo ya miezi sita, na ndiyo ikawa moja kwa moja. Alioa Brussels, akapata mtoto mwingine, na wale wa Pweto hakuwaandikisha jina lake. Wakajiita Wadi, kama majirani walivyomwita yeye. Bibi Kabwe aliifagia nyumba ile kila asubuhi mpaka alipokufa, mwenyewe asije akaikuta chafu.

Mwaka 1946 Lucienne alipelekwa kusoma kwa masista, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, safari ya siku nne kutoka kwa mama yake. Alijifunza Kifaransa, hesabu na kushona, akamaliza 1955. Alisema huko ndiko alikozoea kulala bila kulia. Hakupenda kuulizwa zaidi.

Tarehe 6 Agosti 1960 alifunga ndoa na Donatien Kalenga, karani wa reli, mtu wa utani mwingi. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1971 walihamia Brussels, wakapanga Schaerbeek, naye akashona mapazia kiwandani hadi 1998. Papa Donatien alifariki mwaka 1983. Tangu hapo Maman Lucienne aliwasha redio asubuhi hadi jioni, hata ya Kiflamandi asichokijua, ili nyumbani kuwe na mtu anayesema.

Mwaka uliofuata aliliona jina la Hoeckmans katika kitabu cha simu. Alikuwa Wivina, mjukuu wa sajini kwa yule mke wa Brussels, anakaa Auderghem, mwendo wa tramu tu. Maman Lucienne alikaanga mikate, yale maandazi ya kwetu, akaifunga kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akaenda kubisha hodi. Mlango ulifunguliwa kidogo, mnyororo ukabaki. Kabla hajamaliza salamu aliambiwa kwamba mtu wa kufanya usafi alikwishapatikana. Basi akajikaza kisabuni, akaipitisha mikate, akasema, “Ni ya kwenu. Miye ni Lucienne, wa Pweto.” Baada ya siku nane kitambaa kilirudi kwa posta, kimefuliwa, kimepigwa pasi, bila neno hata moja. Alikuwa akitusimulia huku akicheka: “Bon, kumbe walikula!” Kila Januari, miaka arobaini mfululizo, alimwandikia Wivina kadi ya heri. Hakujibiwa hata moja, na inatuuma kusema hivyo mbele ya jeneza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Moyo wake ulianza kumsumbua Novemba 2023, akahamia nyumba ya wazee Evere. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi. Mpwa wake Anne-Marie, aliyeandika karatasi hii, alikuwa bado kwenye basi.

Wiki mbili kabla ya hapo, Maman alimtuma Anne-Marie achukue kalamu, aandike majina ya wafiwa. La kwanza alilotaja lilikuwa la Wivina. Anne-Marie aliweka kalamu chini.

“Tantine, hawa watu hawakukujua hata siku moja.”

“Miye nilibajua,” alisema. “Andika.”

Anne-Marie aliandika kwa hasira, na hasira hiyo haijaisha. Alituma tangazo la msiba Auderghem mara mbili. Mpaka karatasi hii inachapwa, hakuna aliyejibu.

Haya, majina yanasomwa kwa mpangilio wake mwenyewe. Marehemu ameacha binamu yake, Wivina Hoeckmans, wa Auderghem. Ameacha wapwa, Anne-Marie wa Evere na Guylain wa Lubumbashi, aliyenyimwa viza. Ameacha wajukuu, watoto wa wapwa hao, Hadassa na Héritier.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Apumzike kwa amani Maman Lucienne, na huko aendako apokewe mlango ukiwa wazi.