Shimo Nyuma ya Kijiko

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha Pasi, anayenyoosha nguo za mtaa mzima na kukunja maneno ya mtaa mzima. Mwisho wa benchi hukaa Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ulimi wake hauna. Mimi nashona viatu. Randa ni seremala, na leo kahawa yake imepoa hajaigusa. Bintiye anafanya kazi mbali, kwenye mtambo uliochimbiwa chini ya ardhi. Leo unawashwa, na zamu ya kwanza ni yake. Tangu asubuhi Randa roho iko juu, na ametuambukiza wote.

Pasi: Hebu rudia, mzee. Wanagonganisha nini?

Randa: Viini. Vile vidude vya katikati kabisa ya chembe. Vinagongana mpaka vinayeyuka, vinakuwa mchuzi mzito, moto kuliko jua.

Breki: Na yeye anasimama wapi?

Randa: Sijui! Halafu kwenye simu alisema kuna vipande vinachomoka kwa kasi, vinaupasua huo mchuzi. Vingine vinatokea upande wa pili vimechoka hoi.

Breki: Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hamna hatari hapo.

Pasi: Hatari iko kwenye mchuzi. Kitu kikishapita, unabaki vilevile? Tazameni.

Akatumbukiza kijiko kwenye kikombe cha Randa, akakipitisha haraka. Mawimbi yakagonga kingo. Nyuma ya kijiko pakabonyea kidogo, kisha pakajifukia.

Randa: Ndivyo alivyosema! Mbele wimbi, nyuma panapungua.

Breki: Panapungua? Basi ni shimo. Barabarani nimeyaona, shimo huanza dogo.

Mimi: Breki, alisema ni tone tu, halionekani kwa macho, linatoweka hata hujapepesa.

Breki: Na mbu gizani unamwona? Hilo wimbi litapita chini kwa chini mpaka huku, visima vichemke!

Pasi: Maji ya moto hayachomi nyumba.

Breki: Hata nyumba ikiwa juu yake? Shimo litavuta mtambo, litavuta jiji, litatuvuta sisi na benchi letu!

Nilicheka, lakini nikajikuta nimeinua miguu kutoka chini. Randa hakucheka.

Randa: Ninyi mnalilia benchi. Mimi nina mtoto mmoja.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni mtaani, akisubiri shati lake linyooshwe.

Mama: Shikamooni. Samahani kwa kuingilia. Huo mchuzi kama unatoweka upesi hivyo, wanaujuaje?

Randa: Wanatazama kile kilichoupita. Kimetoka kimechoka kiasi gani.

Mama: Na binti alipopiga simu, sauti yake ilikuwaje?



Randa: Ilikuwa chini. Alisema, “Baba, niombee.” Hajawahi kusema hivyo.

Mama: Kwani anaogopa nini?



Randa: Sikumuuliza. Nilimhoji habari za mchuzi mpaka simu ikakatika.

Pasi akaiokota simu ya Randa kutoka kwenye benchi, akampa apige kwa spika. Ikaita, ikaita.

“Baba, mtambo ni salama, nimeshakwambia...”

“Achana na mtambo, mwanangu. Wewe je?”

Tukamsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kulia. Kibandani shati lilikuwa limeanza kutoa moshi chini ya pasi, na mwenye shati mwenyewe hakugeuka.