Fundi Lifti Aliyeokotwa Njiani Kila Desemba

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mimi ni dada yake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Wifi yangu ameniomba nisome wasifu huu kwa niaba yake, maana sauti yake haitoki. Nimejaribu kuandika kwa utaratibu unaotakiwa. Nikipotoka mnivumilie, hasira ninazo, na leo sina nguvu za kuzificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa seremala na mkewe. Baba alishatangulia. Mama yuko hapa, mstari wa mbele, na hakupaswa kuwa hapa kwa ajili ya mtoto wake. Mama husema mimba ile ilipitiliza hadi mkunga akakata tamaa ya kuja kuchungulia. "Huyu," Mama alisema alipomshika, "kila mahali atafika watu wameshachoka kumsubiri." Ulikuwa utani tu wa mama aliyejifungua salama.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974. Darasani alikuwa wa katikati, kwenye michezo hakuwa wa popote. Alikuwa mnene, basi mwalimu wa michezo akampa kazi ya kushika kamba ile ambayo mshindi huikata kwa kifua. Aliishika mpaka alipomaliza shule. Baada ya sekondari alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1988.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kama fundi lifti katika jengo la ofisi lenye ghorofa tisa, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Chumba chake kilikuwa juu ya paa: mota inayounguruma, harufu ya grisi, redio iliyofungwa kwa waya, na kiti kimoja ambacho mgeni ndiye aliyekikalia. Yeye mwenyewe alipanda ngazi. Mlinzi wa mlangoni alimuuliza siku moja, "Fundi, mbona lifti yako huipandi?" Akajibu, "Naijua vizuri mno." Jengo zima lilicheka wiki nzima, na wahasibu wawili wakaanza kupanda ngazi. Mwaka 2001 alianguka ndani ya shimo la lifti akaumia goti la kulia, na goti lile halikurudi kuwa goti.

Ndoa yake nayo ilitoka mle mle. Mwaka 1994 lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano ikiwa na mpiga chapa wa ofisi ya bima, msichana mgeni kazini. Alipiga kelele, "Wewe uliye huko nje, usiondoke!" Kaka akajibu, "Siondoki, dada. Mimi ndiye fundi." Kifaa kipya kilikuwa kinaletwa kutoka mbali, basi akakaa sakafuni mbele ya mlango uliofungwa akapiga soga mpaka jioni. Alimwelezea sinema aliyoiona, akamuuliza kwao ni wapi, akamkosea jina mara tatu kwa makusudi ili akasirike asilie. Mlango ulipofunguka, yule msichana akamtazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe ni mfupi hivi!" Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 1995 wakajaliwa binti na mvulana.

Sasa nije kwenye hili la kukimbia, maana wengi mliovaa fulana za klabu ya mbio mmelijia hilo.

Mwaka 2009 daktari alimpima presha akamwambia atembee kidogo jioni. Akarudi nyumbani akatangaza kwamba atakimbia marathoni. Wifi akaweka mwiko chini. "Wewe? Wewe hata basi hulikimbilii!" Akasema, "Basi linakuja jingine." Akajiunga na klabu ya mtaani, akanunua viatu, na tangu hapo kila wiki ya mwisho ya Desemba alisafiri kwenda kwenye mji mwingine, kwenye mbio za kufunga mwaka. Hakutaka kushinda. Alitaka jambo moja tu, nalo alilisema waziwazi: kuvuka mstari wa mwisho wa marathoni kwa miguu yake mwenyewe, hata akiwa wa mwisho kabisa.

Hakuvuka. Hata mara moja. Goti lilimwangusha, mwaka mmoja jua, mwaka mwingine tumbo la kuhara. Muda uliowekwa ukipita, barabara hufunguliwa na gari hupita taratibu kukusanya waliobaki. Wakimbiaji huliita gari la kuokota. Kaka aliokotwa kila mwaka. Alikaa mbele, karibu na dereva, akasalimia, akauliza habari za watoto. Nyumbani tulijua amefika pale tuliposikia geti, na hakuna aliyemuuliza chochote mpaka amalize chai.

Baada ya chai alianza kusimulia safari. Watu wengine wakisafiri huleta picha za majengo. Yeye aliijua miji kwa nyuma, maana alipita wenzake wakiwa wameshapita zamani. Alituambia jinsi barabara inavyokuwa imejaa vikombe vilivyokanyagwa, jinsi wenye maduka wanavyofungua milango wakidhani mbio zimekwisha, jinsi wafagiaji wanavyosimama kumpisha huku wakinong'onezana. Katika mji mmoja mfagiaji alimpa fagio amshikie wakati anafunga kamba ya kiatu, kisha akasahau, wakasogea pamoja mtaa mzima, huyu anafagia kwa mguu, huyu anakimbia na fagio. Tulicheka mpaka Mama akatukataza. Kisha kaka akasema, "Lakini nilikuwa nimekaribia, jamani. Nilikuwa nasikia spika za pale mwisho."

Alikuwa na maneno yake kuhusu mwisho wa mwaka. Tarehe thelathini na moja majirani wakianza kupiga sufuria na kushangilia, yeye alikaa barazani akikanda goti kwa maji ya moto. "Wanashangilia nini?" alisema. "Mwaka unaisha wenyewe. Unamfikisha hata aliyelala." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma bei dukani. Mimi nilimwambia aache ukorofi aje ale.

Mwaka 2022 alianza kupungua. Kitambi kilichomshinda maisha yake yote kikaondoka ndani ya miezi michache, na hapo ndipo tulipopotea sote. Tulimsifu! Klabu ikamsifu, mlinzi akamsifu, wahasibu wakamuuliza anakula nini. Wifi alipunguza suruali zake kwa cherehani huku akiimba. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na furaha vile. Alijitazama kwenye kioo cha kabati akaniambia, "Mwili umekubali, mdogo wangu. Mwaka huu namaliza." Maumivu ya tumbo aliyatibu kwa dawa za vidonda vya tumbo. Uchovu aliuita mazoezi. Mtu mzima, fundi, anayesikia mota ikiugua kabla haijazima, na mwili wake mwenyewe haukumwambia kitu.

Desemba ile wifi alisafiri naye kwa mara ya kwanza, akasimama penye mstari wa mwisho na khanga mpya ya kumpangusia jasho. Kaka hakufika hata nusu ya njia. Alikaa ukingoni mwa barabara, na gari la kuokota lilipomfikia dereva alimtambua kutoka mwaka mwingine. "Mzee, leo mapema hivi?" Kaka akasema, "Leo nimekuwahi." Wifi alisubiri pale mpaka mahema yakaanza kung'olewa.

Januari 2023 hospitali ilitueleza kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshasambaa. Daktari alikuwa kijana mpole, akasema wangejitahidi kupunguza maumivu. Hakusema kuponya, na hatukumlazimisha aseme. Alitumia dawa, akatapika, akatumia nyingine. Suruali zilizopunguzwa zikampwaya.

Mwezi Novemba wenzake wa klabu walikuja nyumbani. Nia yao ilikuwa njema na ninawashukuru. Walikuwa wamewaomba waandaaji wa mbio wawape medali, ile wanayovishwa wanaofika mwisho, wakataka kumvisha pale kitandani. Mwenyekiti wa klabu alishaishika utepe. Kaka akainua mkono, na mkono wenyewe ulikuwa fimbo.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni yako, Fundi. Umeistahili."

"Hiyo ya waliofika. Mimi nilifika lini?"

"Fundi, kufika kuna namna nyingi."

"Hakuna. Ni pale penye mstari tu. Nimeshika kamba ile mimi, napajua."

Medali ikarudi mfukoni, wakanywa soda zao wakaondoka. Wifi alikwenda jikoni akafungulia bomba la maji ili tusimsikie. Tulimsikia.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 28 Desemba 2023, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake. Aliniambia, "Mdogo wangu, nimechoka." Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Basi. Hakuongeza jingine, na msiniulize alituachia wosia gani, hakuacha.

Mchapaji wa ratiba mliyoishika alikuwa ameshaweka chini ya picha yale maneno ambayo watu wote huweka: Amemaliza safari yake. Nikamwambia ayafute. Akaniambia, "Mama, hayo ndiyo ya kawaida, yanafariji." Nikamwambia huyu hakumaliza, na angekuwa hai angeyakataa mwenyewe. Ndiyo maana chini ya picha pako wazi. Kaka yangu hakumaliza. Ameokotwa njiani, kama miaka yote. Lakini miaka yote akishashushwa na lile gari alirudi nyumbani.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, binti na mvulana, mjukuu mmoja anayejifunza kutembea, na sisi wadogo zake wawili.

Mwenyezi Mungu ampumzishe. Uchovu ametuachia sisi.